Kaunti Iliyobakizwa

Taylor, Kaunti ya Loup, Nebraska
Jumatatu, 14 Septemba 1987

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mwalimu wetu wa hapa, Bi. Hruska, anatufundisha kwamba barua nzuri husema jambo kubwa kwanza, madogo yakafuata. Basi jambo kubwa ni hili: tumefika salama kwa Mama Mkubwa Twyla, na Mama amepewa chumba cha mbele, chenye dirisha la kutazama barabara.

Jambo la pili ni kwamba nimekutangulia kuingia Loup. Nilimwomba Mama Mkubwa asimamishe gari kwenye kibao cha mpaka, nikashuka, nikakanyaga ardhi kwa miguu yote miwili kama ulivyonifundisha, maana ulisema kupita na magurudumu tu si kufika. Mama Mkubwa akatoa kichwa dirishani: "We mtoto, umedondosha nini?" Mama alicheka mpaka akashika mbavu.

Shuleni waliniuliza baba yangu yuko wapi. Niliwaambia wewe ni mmoja wa wale wanaosafiri kwa gari ili wafike katika kila kaunti ya Marekani, zote elfu tatu na ushee, na kwamba umebakiza chache tu. Wakashangaa. Nikawaeleza kuwa watu wa kazi hiyo huchagua kaunti moja yenye maana kwao na kuibakiza iwe ya mwisho, na kwamba wewe ulichagua Loup kabla hujamwoa Mama, kwa kuwa ndipo alipozaliwa. Nikawaambia hata harusi mlifungia Burwell, ng'ambo ya mpaka, ili usiingie mapema. Kijana mmoja anayeitwa Rusty akasema, "Kwa hiyo babako amefika kila mahali ila kwa wakwe zake?" Darasa zima lilicheka. Mimi pia nilicheka kidogo, ili wasijue.

Baba, ulisema utaingia Jumamosi ya kabla ya Siku ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba, na rafiki zako watakuja na utepe wa kukata. Ni mbali kidogo. Je, haiwezekani ukaja mapema zaidi? Nauliza tu.

Mama anakusalimu sana. Anakula.

Binti yako mtiifu,
Joleen


Hebbronville, Texas
22 Septemba 1987

Joleen mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeikuta posta leo, nikaisoma nimesimama, mpaka mwanamke wa dirishani akaniuliza kama nina habari mbaya. Nikamwambia nina habari bora kuliko zote: binti yangu ameshuka kwenye kibao.

Huku joto linachemsha usukani. Jana nimemaliza kaunti tano za kusini, zile zilizonitesa miaka yote kwa kuwa mbali na kila kitu. Nimezipaka rangi kwenye ramani. Kusini yote sasa ni nyekundu. Bado kipande cha Oklahoma na Kansas, halafu zile za Dakota na Montana, halafu nyumbani kwa mama yako.

Mwambie huyo Rusty kwamba mtu hali kiini cha yai kwanza. Kinabakizwa kwa sababu kinapendwa.

Kuja mapema haiwezekani. Nikiingia kabla ya wakati, Loup itakuwa kaunti kama nyingine. Mama yako mwenyewe analijua hilo kuliko mimi. Daktari alipomwambia mwezi wa saba kwamba matibabu yamekwisha, ni yeye aliyenipa funguo za gari, akasema, "Nenda kamalize, Emmet. Nitakusubiri kwenye utepe." Na Jumapili nikipiga simu namsikia: sauti imejaa kama ya msichana. Hewa ya kwao inamfaa.

Mtunze. Mheshimu Twyla hata akinisema. Najua ananisema.

Baba yako,
Emmet Vavra


Taylor, Nebraska
Jumatano, 30 Septemba 1987

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta Vernon kama ulivyopanga.

Huku kumeanza baridi. Mama Mkubwa anaoka kolache, vile vimkate vitamu vya plamu, kila siku, kwa sababu Mama alisema anazipenda. Zinakaa mezani. Mimi nakula mbili, Mjomba Dell anakula tatu, nyingine wanapewa kuku.

Mama amejifunza kusuka kofia. Anazifuma laini sana, nyingi, na anavaa moja hata ndani ya nyumba. Simu imehamishwa karibu na kitanda chake. Jumapili, kabla hujapiga, huwa ananiomba nimwinue, anakunywa maji ya uvuguvugu, anakohoa akamaliza kabisa, halafu anasema, "Haya, sasa niko tayari kuwa Lorna." Ukishakata simu analala mpaka Jumatatu.

Nilimwuliza Bi. Hruska kama ni kosa kunyamaza pale unapoambiwa na mzazi unyamaze. Alisema inategemea anayenyamaziwa ni nani. Sikuelewa vizuri, lakini sikuuliza tena.

Mama Mkubwa amesema nikuandikie maneno yake, nami nayaandika kama alivyoyasema: "Mwambie miaka kumi na sita ameizunguka kaunti yangu kama kunguru anayeogopa sanamu ya shambani. Kama Loup haimfai, na baraza yangu haimfai. Sitaki kuona kiatu chake kwenye mlango huu." Kisha alienda uani akalia. Hilo hakuniambia niandike.

Tafadhali Baba, isome barua hii mara mbili.

Wako,
Joleen


Vernon, Texas
6 Oktoba 1987

Mwanangu,

Nimeisoma mara mbili kama ulivyoomba, na mara zote mbili nimecheka. Kwa hiyo Lorna anajipamba kwa ajili ya simu! Hata alipokuwa msichana alikuwa akichana nywele kabla ya kupokea. Na kofia asuke nyingi, maana rafiki zangu wanaokuja na utepe ni wazee na mpaka ule una upepo.

Nimeona una unyonge. Ni shule mpya, nadhani. Shule mpya ni kama kaunti mpya: siku ya kwanza huoni ila mapipa ya nafaka na mbwa.

Sasa sikiliza mpango. Kutoka hapa nafuata barabara ya 183 kwenda juu, nikimalizia zilizobaki pembeni. Jumamosi tarehe kumi na saba, asubuhi, nitakuwa posta ya Phillipsburg, Kansas. Baada ya hapo naelekea Dakota. Niandikie Phillipsburg. Niandikie jambo la kuchekesha.

Kuhusu Twyla, aliniapia hivyo hivyo siku ya harusi, tena mbele ya kasisi. Ana haki. Sitaugusa mlango wake mpaka anifungulie mwenyewe.

Baba yako,
Emmet


Taylor, Nebraska
Jumamosi, 10 Oktoba 1987

Baba,

Shikamoo. Leo nasema jambo kubwa kwanza.

Mama anakufa. Matibabu yalikwisha kwa sababu hayakufaa, si kwa sababu amepona. Aliambiwa mwezi wa saba, akaficha. Nywele zake zimekwisha, ndiyo maana ya kofia. Hawezi kusimama bila kushikwa. Daktari amemwambia Mama Mkubwa kwamba Siku ya Shukrani hataiona, na pengine hata mwezi huu hataumaliza.

Alinikataza. Alisema, "Baba yako akijua atasimama, na akisimama atakaa kwenye kiti ananitazama tu. Mwache aje na furaha yake." Nilimwambia, "Lakini Mama, atakuja kwenye utepe na wewe hutakuwepo." Akasema, "Nitakuwepo. Mimi ni mkaidi." Baba, sidhani kama ukaidi unatosha.

Siwezi kukuambia kwenye simu kwa sababu anaishika yeye, na mimi niko pale pale nimemshika mgongo. Kwa hiyo nakuandikia bila yeye kujua. Nitaitoa barua hii kwa mkono wangu kwenye dirisha la posta.

Usiende Dakota. Njoo. Kama Loup itakuwa kaunti kama nyingine, basi na iwe.

Joleen


(Kwa penseli, nyuma ya ramani ya Kansas)

Barazani kwa Twyla
Jumamosi, 17 Oktoba, mchana

Lorna,

Nimeingia. Posta ilipofunguliwa nilisoma barua ya mtoto, nikapanda gari, na sikumbuki Kansas imeishia wapi. Nilitaka kupiga simu lakini niliogopa. Ungenidanganya tena kwa sauti ile, na mimi ningekuamini tena.

Nimevuka mpaka nikitokea Sargent saa sita kasorobo. Sikushuka. Sikukitazama kibao.

Na nyinyi hampo. Gari la Twyla halipo, Dell hayupo. Nimegonga. Nimechungulia dirisha la mbele, nikaona kitanda na kofia zote zile. Zote umesuka wewe?

Jumapili nilipokuambia kwamba leo ningekula chakula cha mchana Burwell na kupiga honi kuelekea kwako, ulicheka, ukasema upepo utakuletea sauti yake. Sasa mimi niko hapa na wewe hupo. Wamekupeleka hospitali? Ipi?

Sasa hivi simu inalia ndani. Imelia, imenyamaza, inalia tena. Mlango haukufungwa. Mkono wangu uko kwenye kitasa. Twyla aliapa, na mimi nimemkosea mwanamke huyu miaka kumi na sita, siwezi kumvunjia na hicho kiapo cha mlango.

Imenyamaza.

Nakaa hapa. Siondoki. Mkirudi mtanikuta.

Emmet


(Kwa kalamu ya wino, kwenye karatasi ya kutandikia sahani)

Burwell, Kaunti ya Garfield
Jumamosi, nadhani ni saa sita

Emmet, mume wangu,

Ukiingia hapa na usinione, mhudumu atakupa karatasi hii. Jina lake Connie, mpe asante nzuri, ameniletea mto kutoka nyumbani kwake.

Ulisema utakula hapa leo, basi nimekuja. Usishtuke ukiniona. Nimepungua kidogo. Nitakueleza yote, na wewe utakasirika, na mimi nitakubali.

Usiingie Loup. Mimi nimetoka ili usiingie. Nilitoka siku ya harusi na leo nimetoka tena. Kutoka si kazi kwangu, mradi kuna wa kunibeba. Ramani yako ibaki safi mpaka siku yake. Mimi nataka tu kukutazama ukila.

Twyla yuko nje ndani ya gari na Dell. Anasema haingii mahali ulipo. Nimemwambia hujafika bado. Anasema basi anafanya mazoezi.

Nimeagiza pai ya plamu na naitazama. Joleen amekaa mbele yangu, hakujua tunakwenda wapi mpaka tulipofika kwenye kibao. Amekunja uso kama wewe ukipotea njia. Ana neno, namwona, anali


Sasa amelisema. Anasema amekuandikia. Anasema tangu asubuhi unajua. Basi kama unajua, Emmet, wewe uko


Taylor, Nebraska
Jumatano, 28 Oktoba 1987

Baba mpendwa,

Shikamoo. Umeondoka siku ya pili baada ya mazishi na hukuacha anwani, kwa hiyo naandika kwa posta ya Timber Lake, ambayo ilikuwa kwenye mpango wako wa zamani. Sijui kama bado unaufuata.

Naweka ndani karatasi ya Mama. Connie aliileta mwenyewe kwa gari. Na karatasi yako ya barazani ninayo mimi. Nimezisoma pamoja na ningependa nisiwe nimezisoma.

Hukuniuliza ilivyokuwa, lakini nadhani mtu anapaswa kuambiwa.

Nilipomwambia kwamba nilikuandikia, sikujua atafanya nini. Nilidhani atanigombeza. Aliweka kalamu chini, akasema, "Ameingia? Emmet ameingia Loup?" Nikasema nadhani umeingia. Baba, alicheka. Si kicheko cha simu. Alicheka kile cha zamani, chenye mkoromo, mpaka watu wa meza nyingine wakageuka. Akasema, "Miaka yote hii! Na siku aliyoingia mimi nimetoka!" Akamwomba Connie simu ya kaunta, wakauvuta waya mpaka mezani. Akapiga nyumbani mara mbili. Akasema, "Hapokei. Yuko pale pale nje, namjua. Amekaa barazani kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Twyla na kiapo chake!"

Kisha akasema turudi haraka. Mjomba Dell alimbeba. Alikataa kulala kiti cha nyuma, akakaa mbele ili akuone wa kwanza. Mama Mkubwa alikuwa nyuma pamoja nami, akasema, "Nikifika nitamfungulia mlango huyo mpumbavu. Nitamfungulia mwenyewe." Mama akasema, "Umesikia, Dell? Wewe ni shahidi."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Nilitaka uyajue, kwa sababu yalikuwa ya utani, na kwa sababu yalikuhusu wewe.

Yaliyofuata unayajua. Ulikuja mbio mpaka getini, ukafungua mlango wa gari, ukamwita mara nyingi. Na swali lako la kwanza kwa Mjomba Dell lilikuwa, "Alikuwa hai alipovuka mpaka?" Mama Mkubwa alikupiga kofi. Mimi sikukasirika, Baba. Mimi nimekaa kwenye gari lako kila kiangazi tangu nilipokuwa na miaka minne. Najua ulikuwa unauliza nini. Ulitaka kujua kama kulikuwa na dakika moja ambayo nyote wawili mlikuwa ndani.

Mama Mkubwa anajuta kwa kofi lile. Hatasema, lakini anajuta.

Nakusubiri,
Joleen


Timber Lake, Dakota Kusini
5 Novemba 1987

Joleen,

Nimeipata. Na karatasi yake nimeipata.

Leo nimepita kaunti nne. Sikushuka hata moja. Ramani sijui iko wapi, nadhani iliruka dirishani. Naendesha kwa sababu nikisimama nasikia ile simu inalia.

Nilikuwa na mkono kwenye kitasa, Joleen. Mlango haukuwa na kufuli. Kama ningepokea ningemwambia akae pale pale, na ningemfikia kwa robo saa. Maili kumi na tano tu. Nimeendesha maili nyingi kuliko zinazofika mwezini na kurudi, na hizo kumi na tano nilizikalia kitako barazani.

Siwezi kurudi. Kila nikiwaza njia ya kwenu naona kibao. Nimemfanya mama yako mtu wa kusubiri mwishoni. Twyla ni bora kwako kuliko mimi. Atakusomesha.

Usiniandikie mambo mengine. Niandikie jibu moja tu. Dell hakunijibu, Twyla alinipiga. Wewe ulikuwepo nyuma yake. Alikuwa hai kwenye kibao?

E. V.


Taylor, Nebraska
Jumatatu, 16 Novemba 1987

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilichelewa kwa sababu ya theluji. Ninaituma hii Faith na nakala yake Bison, kwa kuwa ndizo posta mbili zilizofuata kwenye mpango, na sijui utapitia ipi. Nyingine mbili nilizotuma mbele zimerudi, zimegongwa mhuri kwamba hakuna aliyekuja kuzichukua.

Umetaka jibu moja. Nimekaa nalo siku nyingi. Nilifikiri kukuambia ndiyo, kwa sababu ingekuwa rahisi, na hakuna ambaye angejua. Kisha nikawaza kwamba nyumba yetu imekuwa na sauti nzuri za kutosha.

Sijui, Baba. Hilo ndilo jibu. Alikuwa ameegemea dirisha, na kofia ilikuwa imeshuka machoni. Mjomba Dell alikuwa anaendesha, Mama Mkubwa alikuwa ameinamisha kichwa. Mimi ndiye ningepaswa kumtazama, na sikumtazama. Tulipofika kwenye kibao nilikuwa natazama barabara mbele, nikilitafuta gari lako, nikitaka niwe wa kwanza kusema, "Yule pale." Kwa hiyo sijui na sitajua, na wewe pia hutajua, na tutakuwa wawili tusiojua. Nadhani ni afadhali kuwa wawili.

Rafiki zako wa utepe walipiga simu. Hawakuwa wamesikia. Mama Mkubwa aliwaambia wasije. Mzee mmoja kati yao alilia kwenye simu, na Mama Mkubwa akamsubiri amalize, akamwambia avae vizuri, kuna baridi.

Umesema Mama Mkubwa ni bora kwangu. Ni mwema sana. Lakini yeye hajui kwamba nalala vizuri kwenye gari kuliko kitandani, wala kwamba sipendi kuulizwa maswali asubuhi. Mambo hayo unayajua wewe peke yako sasa. Mama aliyajua pia.

Siku ya Shukrani ni wiki ijayo. Nimemwuliza Mama Mkubwa tuandae sahani ngapi. Alifikiri, kisha akaenda mwenyewe kuufungua mlango wa mbele, akauacha wazi, na baridi yote hii, mpaka Mjomba Dell akapiga kelele.

Umesema huwezi kurudi kwa sababu ya kibao. Lakini Baba, hakuna unachokibakiza tena. Loup umeshaingia. Ni kaunti kama nyingine. Ina nyasi, na upepo, na kaburi ambalo bado halijawekwa jiwe, na mimi niko ndani yake.

Njia unaijua.

Binti yako,
Joleen